Kilichopita Juu ya Paa la Bi Man-moi

Haya yalimpata baba yangu mzazi, na mimi nilikuwepo. Sikuhadithiwa na mtu.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, maua meupe ya mti wa tung yametapakaa njia nzima, na baba alikuwa jikoni anachemsha machipukizi ya mianzi huku akiimba. Mimi nilikuwa nje, juu ya ngazi, ukingoni mwa uwanja wa kuanikia, nimekumbatia bomba la chuma lenye dishi jeupe kichwani. Spana mkononi, simu ya upepo inaning'inia shingoni, jasho linaingia machoni.

"Kushoto kidogo!" kaka alinifokea kwenye simu ya upepo. "Kushoto, A-chu! Kushoto kwako, siyo kwangu!"

"Kushoto ni kushoto."

"Ungekuwa dereva ungeshaua watu."

Kaka yangu, Peng Jui-hung, ndivyo alivyo. Moyo wake ni mzuri, ila mdomo wake haujawahi kuambiwa habari hiyo. Alikuwa juu ya paa la nyumba yake, ng'ambo ya pili ya bonde, kule inakopita barabara kuu. Ukinyoosha mkono unadhani utamgusa. Kwa gari ni kushuka, kuzunguka mto, na kupanda tena mpaka masikio yazibe. Kwake intaneti ilifika zamani. Kwa baba haikufika, na kampuni ya simu ilishatuambia wazi kwamba haiwezi kuvuta waya milimani kwa ajili ya mzee mmoja na michungwa yake.

Nasi tuliihitaji. Majira ya baridi yaliyotangulia baba aliteleza bustanini akavunjika nyonga, akalala kwenye matope tangu asubuhi mpaka jua linazama, anaita watu na hakuna wa kumsikia. Alipona, lakini kuhama alikataa katakata. "Mama yenu amezikwa hapa," alisema. "Nikiondoka nani atamfagilia kaburi?" Basi kaka akaagiza madishi mawili, moja la kwake na moja la kwa baba, yatazamane juu ya bonde ili intaneti ivuke hewani, na sisi tuweke kamera ya kumwona mzee kila siku.

Kazi hiyo haitaki pupa. Madishi yakikosana kidogo tu, hayaonani. Kwa hiyo kaka alisimama paani na kioo chake cha kunyolea, anakichezesha juani, na mimi nikawa nalenga ule mng'ao.

"Umeniona?"

"Nimekuona. Unawaka kama jino la dhahabu."

"Basi kaza nati."

Nilikuwa nakaza nati nilipouona mng'ao wa pili. Huu haukutoka kwa kaka. Ulitoka chini, katikati ya bonde, kwenye kilima kidogo chenye nyumba moja. Uliwaka, ukazima, ukawaka. Ulikuwa unafuata kioo cha kaka, mng'ao kwa mng'ao, kama mtoto anayemwigiza mtu mzima ili amkere.

Nyumba ile ilikuwa ya Bi Man-moi.

Nilidhani ni bati. Muda si mrefu taa za kijani ziliwaka kwenye kisanduku, na baba akaitwa sebuleni aone uso wa mkwewe, Pei-chun, mke wa kaka, kwenye kishikwambi.

"Mbona umenenepa?" baba alimuuliza, hata salamu hakutoa.

"Ni kamera, Baba."

"Kamera imekula nini?"

Tulicheka wote, huku na ng'ambo. Kisha nikaona mbwa wa baba ameingia chini ya meza, kajikunja, anatetemeka. Nikageuka. Bi Man-moi alikuwa amesimama uwanjani.

Sikuwahi kumwona kwetu tangu nizaliwe. Alikuwa na miaka themanini na zaidi, mwembamba, na viatu vya mpira miguuni. Alikuwa amepanda mlima ule wote na hahemi. Familia zetu hazikusalimiana. Juu ya mlango wetu kilitundikwa kioo kidogo chenye pembe nane. Babu alikitundika mwaka ule Bi Man-moi alipoolewa katika nyumba ya bondeni, kwa sababu mtabiri alisema ncha ya paa lao imeelekea mlango wetu kama kisu. Kwetu hata mtoto anajua: kioo cha namna ile humrudishia baya yule kinayemtazama. Kumwelekezea jirani ni kumtangazia vita.

"Peng Kuo-tung," aliita. "Toka nje."

Baba alitoka na fimbo yake. "Umepotea njia?"

"Baba yako alininyooshea kioo nikiwa bibi harusi. Mume wangu akafa. Ng'ombe wakafa. Tumbo langu halikushika kitu. Nikanyamaza. Leo mnaniongezea vingine viwili, huku na huku. Mnataka nife mara ngapi?"

"Hivi siyo vioo, bibi," nilimwambia. "Ni vya intaneti. Vinatazamana vyenyewe. Havikutazami wewe."

"Na katikati yao yuko nani?"

Kaka alikuwa amesikia yote kule kwenye kishikwambi. Akapayuka: "Nani huyo? Yule mchawi wa bondeni? Mwambieni akachemshe vyura wake atuache!"

Bi Man-moi alipita kando yangu akaingia ndani. Aliinama mbele ya kishikwambi mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye uso wa kaka.

"Kwa hiyo maneno yenu yanapita juu ya kichwa changu."

"Yanapita, bibi. Na picha. Na muziki pia, ukitaka kucheza."

"Kinachopita juu ya paa langu ni changu."

Kaka akaangua kicheko. "Chukua tu! Bure kabisa! Hata sauti yangu chukua, mke wangu ameshaichoka."

Pei-chun alicheka nyuma yake. Baba naye akaguna. Bi Man-moi hakucheka. Aliinamisha kichwa, akanyoosha viganja vyote viwili mbele ya kishikwambi, kama mtu anayepokea zawadi kwa mkubwa wake.

"Umesema mwenyewe," alinong'ona.

Akashuka bondeni. Mbwa alikaa chini ya meza siku nzima, na hata alipotoka hapo hakubweka tena.

*

Mimi naishi mjini Toufen, nauza miwani. Nilikuwa napanda kwa baba siku za mapumziko tu, na kwa siku zilizofuata nilifurahi kufungua simu yangu dukani na kumwona mzee anakunywa chai yake ya kusaga, anabishana na redio. Tulijipongeza.

Kisha ikaja siku ya gulio mbele ya hekalu. Mimi na Pei-chun tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki, tunakula tambi pana, watu wanapita, muuza bata anapiga kelele. Bi Man-moi alipita na mzigo wake wa majani ya haradali. Alisimama nyuma ya Pei-chun. Akainama sikioni mwake.

Nilikuwa karibu. Nilisikia.

Haikuwa sauti ya bibi kizee. Ilikuwa sauti ya Pei-chun. Yeye mwenyewe, na ule mkwaruzo wa mafua aliokuwa nao wiki ile.

"Baba yako akianguka tena, afadhali asiamke. Nimechoka kufua mashuka ya mtu asiyenipenda."

Bakuli lilimdondoka Pei-chun. Supu ikamrukia. Bi Man-moi alichukua kitambaa mezani, akamfuta begani polepole kama mama anavyomfuta mwanawe, akaenda zake.

"Ulisema hivyo?" nilimuuliza wifi yangu.

Uso wake ulikuwa mweupe kama tambi. "Nilikuwa na hasira, A-chu. Nilimwambia kaka yako siku alipokwenda kwa baba kurekebisha kamera. Yeye kule, mimi huku, na alikuwa amevaa vya masikioni. Baba alikuwa bustanini. Hakuna aliyesikia." Akanishika mkono, kucha zikaniuma. "Hakuna aliyesikia!"

Kaka alipoambiwa alifoka kwamba tumelishwa upuuzi. Alibadilisha neno la siri. Akakagua kwenye kompyuta yake kila kilichoshika mtandao ule, akakuta vya kwetu tu.

"Hana simu," alisema. "Hana hata umeme! Ataiba intaneti kwa kutumia nini, sufuria?"

Lakini aliendelea kutazama ile kompyuta. Nilimuuliza kuna nini. Akanionyesha mstari unaoonyesha nguvu ya mawimbi. Ulikuwa umenyooka vizuri, isipokuwa kila adhuhuri ulikatika, ukakaa chini kwa muda, kisha ukapanda tena.

"Hivi ndivyo inavyokuwa mtu akisimama mbele ya dishi," alisema.

"Basi kuna mtu anasimama."

"Inakatikia katikati ya bonde, A-chu. Pale ni hewani. Mtu atasimama juu ya nini?"

*

Nilipopanda tena kwa baba nilimkuta amenyoa ndevu, amechana nywele, amevaa shati la sikukuu. Nikamtania kama ana mchumba.

"Namsubiri kaka yako," alisema. "Siku hizi ananipigia kila mchana. Tunaongea vizuri! Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza mguu. Sikujua kama yule mtoto anajua kuongea taratibu."

Mchana kaka yuko kiwandani Hsinchu, anahudumia mitambo, na simu huachwa mlangoni. Hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kuingia nayo.

"Anakwambia nini kingine, Baba?"

"Mambo ya zamani. Jana aliniuliza kama ile njia ya kushuka bondeni bado inapitika." Baba akatabasamu. "Nikamwambia inapitika, ukivaa viatu vya mpira."

Nilitoka nje nikampigia kaka nikiwa chini ya mforosadi, pale pekee panaposhika simu. Alipopokea jioni hakufoka. Kwa mara ya kwanza hakufoka. Alisema, "Kesho ni Jumamosi, na huyo hupiga mchana tu. Njoo kwangu mapema. Tunapanda wote, tunamshusha mzee, anataka hataki."

Kesho yake niliwahi. Pei-chun alikuwa anafunga chakula cha njiani. Nje ukungu ulikuwa umeanza kujaza bonde kutoka chini, kama maziwa yanayochemka. Kaka alishika funguo za gari, kisha akafungua simu amtazame baba kidogo kwenye kamera, amwambie tunakuja.

Baba alikuwa amekaa mbele ya kishikwambi. Kishikwambi kilikuwa kimezimwa. Kioo cheusi. Baba alikuwa anatikisa kichwa, anakubali.

Kisha akainuka. Akavaa kofia. Akavaa viatu vya mpira.

"Baba!" kaka aliita, sauti ikatokea kwenye kamera kule. "Baba, unakwenda wapi? Kaa chini!"

Baba alishtuka, akaangalia juu, kwenye kamera.

Ndipo tuliposikia. Ndani ya chumba kile, kutoka kwenye kile kishikwambi kilichozimwa.

"Baba, usimsikilize huyo. Njoo."

Ilikuwa sauti ya kaka. Kaka mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yangu, funguo za gari mkononi.

"Jui-hung?" baba aliita. Alitazama kamera. Akatazama kishikwambi. "Wewe ni yupi?"

"Mimi!" kaka alipiga kelele. "Mimi huku! Funga mlango, mzee, usitoke! Unasikia? Acha ujinga, kaa chini!"

"Njoo taratibu, Baba," ile sauti nyingine ilisema. "Usije ukateleza. Nimekuandalia chai."

Baba alisimama katikati ya chumba. Kisha akaitazama kamera kwa huzuni, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyemkosea adabu.

"Mwanangu hanifokei," alisema. "Mwanangu anaongea nami vizuri."

Akachukua fimbo. Akatoka. Kamera ikatuonyesha mlango ulio wazi, na ukungu unaingia sebuleni.

*

Sikumbuki tulivyoendesha. Nakumbuka kaka akiwasha na kuzima taa, akipiga honi kwa ukungu, akisema peke yake, "Niliongea vibaya. Niliongea vibaya." Hatukwenda kwa baba. Tuliacha gari pale njia ya miguu inapoanzia, tukashuka bondeni.

Mawe yalikuwa na utelezi. Hakukuwa na ndege. Hakukuwa na mdudu. Tulipita kijumba cha Bak-gung, babu wa ardhi anayelinda njia ile, na vijiti vya ubani vilivyokuwa mbele yake vilikuwa vimechomekwa kichwa chini.

Mlango wa Bi Man-moi ulikuwa wazi. Ndani kulinuka haradali iliyochacha. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia magotini, anatabasamu kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Mbele yake Bi Man-moi alikuwa anamenya karanga. Hakuacha kumenya tulipoingia.

Na mdomoni mwake ilikuwa inatoka sauti ya kaka.

"Baba, umekula? Baba, mguu unauma? Nisamehe siku zile nilizokuwa sina muda. Nisamehe, Baba."

Kaka alishika nguzo ya mlango. Nilimwona machozi yanamtiririka. Yale maneno hakuwahi kuyasema maishani mwake, na sasa alikuwa anajisikia akiyasema.

"Mwachie baba yangu," alinong'ona.

Baba aliuona mdomo wake ukicheza, akaweka kidole chake mdomoni. "Subiri, kijana. Mwanangu anaongea."

"Nimemshika mimi?" Bi Man-moi aliuliza, sasa kwa sauti yake. "Mlango uko wazi. Mwite."

"Baba," kaka aliita. "Baba!" Akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Baba alikuwa anapuliza maganda ya karanga kiganjani. Nikaita mimi, kwa sauti ndogo tu, na papo hapo akainua kichwa: "A-chu! Na wewe umekuja?"

Kaka alipiga magoti. "Unataka nini, bibi?"

"Sitaki kitu. Wewe ndiye uliyenipa."

"Nilikuwa natania!"

"Mimi sikupata mtu wa kutaniana naye. Nyumba hii mliimaliza." Alitupa ganda sakafuni. "Teremsheni. Vyote vitatu. Mkichelewa, namchukua na huyu wa miwani."

Alipotamka neno la mwisho, alilitamka kwa sauti yangu.

Nilimwacha kaka na baba, nikapanda. Nilipanda kwa mikono na miguu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyumba yetu niliigundua kwa kujigonga ukutani. Nilivuta meza, nikang'oa kile kioo cha babu juu ya mlango, nikakifunga kwenye aproni ya jikoni bila kukitazama. Kisha ngazi. Kisha dishi.

Nati nilizozikaza mwenyewe zilikuwa za moto. Siku haina jua, na nati za moto. Nilizungusha spana. Simu ya upepo ilikuwa imeachwa kwenye dirisha la jikoni tangu mwezi wa tano. Betri zilishakufa. Ikakoroma.

"Kushoto kidogo," ilisema. "Kushoto kwako, A-chu."

Sauti yangu.

Nilizungusha. Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili.

"Kushoto. Nyuma yako. Geuka."

Sikugeuka. Nilipiga bomba kwa spana mpaka dishi likainama, likatazama ardhi, nikaukata waya. Chini bondeni mtu alilia. Mara moja tu. Sikuweza kujua ni baba, au kaka, au yeye.

Walitokea kwenye ukungu baadaye, kaka amembeba baba mgongoni. Kaka alikuwa anaongea bila kupumzika. "Karibu tunafika, Baba. Nishike shingo. Hivyo hivyo. Nisamehe, mzee wangu. Nakwambia mimi mwenyewe, nisamehe."

Baba alinitazama juu ya bega lake, amenuna.

"Huyu kaka yako ana nini?" aliniuliza. "Amenibeba njia nzima kimya. Hata neno moja?"

*

Madaktari walimpima masikio wakasema ni mazima. Anasikia mvua. Anasikia redio, ananisikia mimi nikinong'ona chumba cha pili. Pei-chun, ambaye siku hizi humwosha miguu kila jioni, anamsikia. Kaka akisema, baba anaona mdomo unafunguka na kufungika tu. Sasa wanaishi nyumba moja, kwa kaka. Kaka humwandikia kwenye ubao mdogo: *Umekula? Mguu unauma?* Baba husoma, hutikisa kichwa, halafu huniuliza mimi kwa nini Jui-hung aliacha kumpigia mchana.

Bi Man-moi aliishi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Wakata mianzi waliopita kwake wanasema mlango ulikuwa umefungwa siku zote, na ndani walimsikia mwanamume akizungumza, mpole, mwenye heshima. Tufani ya kiangazi iliporomosha mlima, nyumba ikaenda nayo. Hakuna aliyechimba.

Kuna kitu kimoja sijakisema bado.

Kitu cha tatu kuteremshwa, maana yule bibi alikihesabu na kioo cha babu, kilikuwa dishi la kwenye paa la kaka. Mimi na Pei-chun tulilishusha jioni ileile. Madishi yale yana kifuniko cha plastiki ngumu kwa mbele, kimebanwa kwa skrubu, na ndani yake hakuna kitu zaidi ya bati na hewa. Tulipolilaza sakafuni Pei-chun alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

Plastiki ilikuwa imevimba. Imesukumwa kutoka ndani kuja nje. Paji la uso. Pua. Mashimo ya macho. Mdomo uliofunguka. Ni uso mdogo, wa mtu ambaye hajamaliza kukua. Haufanani na Bi Man-moi, na haufanani na yeyote wa kwetu. Niliweka kidole kwenye lile paji. Lilikuwa na uvuguvugu.

Mganga wa hekalu alitazama kwa mbali, akakataa hata chai yetu. Alisema tusikichome kile kifuniko, maana kukichoma ni kuufungulia ule uso. Tusizike, tusimpe mtu. Tukiweke mahali pasipo na macho. Kaka akakifunga kwenye gunia, akakisimamisha stoo, kikitazama mlango, akapiga kufuli.

Majuzi paa la stoo lilivuja, nikaingia kuhamisha maboksi. Gunia lilikuwa limeoza, limeanguka. Hakuna aliyekigusa kifuniko. Kilikuwa palepale, vumbi halijachorwa hata kidole. Lakini ule uso haukuwa unatazama mlango tena. Niliona shavu. Niliona ukingo wa taya. Niliona sikio, ambalo siku ile ya kwanza halikuwepo.

Umegeuka upande. Umeelekea ukuta wa kushoto.

Nyuma ya ukuta ule ndipo kilipo kitanda cha baba.